Uliza Fundi: Tununue seva ngapi?

Barua za safari hii karibu zote ni za aina moja, mfumo unazidiwa alafu bosi anataka kujua tununue nini na kwa shilingi ngapi. Kwaiyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sana, mtanisamehe, ila ukiielewa iyo zingine zinateremka zenyewe.

SWALI: Habari fundi. Mimi ni afisa tehama kwenye chuo kimoja hapa Morogoro, tuna wanafunzi kama 6,000 hivi. Mfumo wetu wa usajili mwaka mzima unaenda vizuri tu, ila ile siku dirisha linafunguliwa saa mbili asubuhi, ikifika saa mbili na dakika tano hakuna kitu, peji haifunguki na wanafunzi wanaanza kututukana kwenye magrupu ya WhatsApp. Mkuu wa idara kapiga hesabu kwa kalkuleta kasema seva tuliyonayo inatosha na inabaki. Mhasibu nae anasema kama tunataka nyingine tumwandikie kwanini mbili na sio moja. Kuna jamaa kaniambia fanya simulesheni. Ndo nini iyo, na itanisaidia kweli au ni mambo ya wasomi tu?

JIBU: Pole sana na matusi ndugu yangu, afisa tehama ndo wa kwanza kulaumiwa na wa mwisho kushukuriwa. Tuanze na iyo kalkuleta ya mkuu. Nahisi alifanya hivi: wanafunzi 6,000, kila mmoja hadi amalize kusajiliwa tuseme anafungua na kubonyeza mara 40 (kila mara ni ombi moja kwa seva), inakuja 240,000, akagawa kwa siku 14 za usajili, akagawa tena kwa sekunde 86,400 za siku, akapata ombi 0.2 kwa sekunde. Yaani ombi moja kila sekunde tano! Kwa hesabu iyo hata simu yangu ya mkononi ingesajili chuo kizima. Sasa chukua wanafunzi 2,000 tu wanaoingia ndani ya zile dakika kumi za kwanza, 2,000 mara 40 ni 80,000, gawa kwa sekunde 600, unapata maombi 133 kwa sekunde. Ni zaidi ya mara 600 ya namba ya mkuu, na namba zote mbili zimetoka chuo kilekile. Wanafunzi hawaji kwa wastani, wanakuja saa mbili kamili.

Simulesheni ni kuendesha programu ndogo inayoigiza mfumo wako, programu yenyewe tunaiita modeli. Haina peji wala databesi wala mwanafunzi wa kweli, ndani yake kuna vitu vitatu tu, saa, orodha ya matukio yanayokuja, na foleni. Saa yake haitembei kama ya ukutani, inaruka kutoka tukio moja kwenda lingine, ndo maana asubuhi nzima ya usajili unaweza kuimaliza wakati chai haijapoa. Ona inavyofanya kazi. Tuseme databesi inamaliza ombi moja kwa sekunde 0.10 na inahudumia moja moja. Saa ya modeli ikiwa sekunde 0.00 anakuja mwanafunzi wa kwanza, anapokelewa, modeli inaandika kwenye orodha "huyu atatoka 0.10". Saa 0.03 anakuja wa pili, anakuta kuna mtu, anakaa foleni. Saa 0.07 wa tatu, nae foleni. 0.10 wa kwanza katoka, wa pili kaingia. 0.20 wa pili katoka, katumia jumla 0.17. 0.30 wa tatu katoka, katumia 0.23. Tuseme hapo asije mwingine mpaka sekunde iishe. Kwenye grafu ya ufuatiliaji utaona databesi imefanya kazi asilimia 30 tu, mkuu atakwambia si unaona imelala, wakati wa tatu katumia jumla zaidi ya mara mbili ya muda wa kazi yenyewe. Na hao ni watatu tu.

Sasa endelea kuongeza. Kama watu wanakuja kwa kubahatisha na muda wa kuhudumiwa nao unabadilikabadilika, kuna kanuni nyepesi ya foleni, muda wa kazi yenyewe unaugawa kwa ile sehemu ya seva iliyobaki bila kazi. Databesi yetu mwisho wake ni maombi 10 kwa sekunde. Yakija 5, nusu ya seva haina kazi, 0.10 gawa kwa 0.5, kila mtu anatumia kama sekunde 0.2, hakuna atakayelalamika. Yakija 8 inakuwa 0.5. Yakija 9 ni sekunde nzima, 9.5 ni sekunde mbili, 9.9 ni sekunde kumi. Umeona ilivyokaa? Kutoka 5 mpaka 8 umeongeza maombi matatu na watu hawakugundua, kutoka 9 mpaka 9.9 hujaongeza hata ombi moja zima na mfumo umekufa. Ndo maana mwaka mzima "hauna shida" alafu siku moja unaanguka ghafla, haukuwa mzima, ulikuwa karibu na ukingo na hakuna aliyepima umbali. Na yakija 12 kwa sekunde kanuni yenyewe inakataa, foleni inaongezeka watu wawili kila sekunde, baada ya dakika kumi una 1,200 wanasubiri na wa mwisho wao atahudumiwa baada ya dakika mbili.

Hapo ndo kalkuleta inaishia na simulesheni inaanza kulipa, kwa sababu mwanafunzi gani anasubiri dakika mbili? Akiona kimya sekunde nane anarifreshi. Na mara nyingi ombi lake la kwanza seva haijalitupa, bado inalifanyia kazi, jibu litatoka liende kwa mtu ambae ameshaondoka. Kwaiyo mtu mmoja sasa ana maombi mawili, baadae matatu, alafu anafungua na kwenye simu ya rumeti. Seva inachemka asilimia 100 na karibu kazi yote inayoifanya ni ya bure. Tabia iyo kwenye modeli ni mistari michache tu, "akisubiri zaidi ya sekunde nane, tuma tena", alafu unaona mwenyewe kwamba hata wimbi la saa mbili likipita, mfumo haunyanyuki, unabaki chini mpaka mtu auzime na kuuwasha. Naamini hicho umeshakiona kwa macho.

Kuna sehemu nyingine ningeiangalia kabla ya kumwandikia mhasibu chochote, ni ile ya kontrol namba, yaani namba ya kufanyia malipo. Vyuo vingi mwanafunzi akibonyeza "pata kontrol namba" seva inauliza mfumo wa malipo ulioko nje na kukaa kusubiri jibu. Tuseme seva yako ina wahudumu 50, yaani inaweza kushika maombi 50 kwa wakati mmoja, na jibu la nje linachukua sekunde 4. 50 gawa kwa 4 ni 12.5, hutoweza kuzidi maombi 12.5 ya kontrol namba kwa sekunde hata ununue prosesa ya bei gani. Siku iyo kule nje nako kumezidiwa, jibu linachukua sekunde 10, umebaki na 5 kwa sekunde, na ukiangalia prosesa yako iko asilimia 10 imetulia tuli. Hii ni kanuni ya Little, Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961 na haijali unatumia seva ya kampuni gani, idadi ya walioko ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wanaokaa. Nikiona mtu ananunua seva wakati wahudumu wake wote wamesimama wanasubiri simu ya mtu mwingine roho inaniuma kabisa.

Kwaiyo fanya hivi. Fungua logi (kumbukumbu ambazo seva inajiandikia) za siku ya usajili uliopita, hesabu maombi dakika kwa dakika kuanzia saa moja na nusu mpaka saa nne. Pima kila kituo kinachukua muda gani, peji, databesi, kontrol namba, na usichukue wastani peke yake, chukua na zile ndefu. Jenga modeli, alafu kabla ya kuiuliza chochote cha mbele iendeshe na siku iliyopita. Kama kwenye modeli mfumo hauanguki mnamo saa mbili na dakika tano, huo sio mfumo wenu, kuna kitu umesahau, rudi utafute. Ikianguka palepale, sasa iulize. Seva mbili inakuwaje? Seva moja ila wahudumu 200? Kontrol namba zitengenezwe usiku wa kuamkia? Mwaka wa kwanza waanze Jumatatu, wa pili Jumanne? Mimi ningeweka pesa yangu kwenye kontrol namba za usiku, haina gharama ya maana, lakini usiniamini mimi, iamini modeli iliyopita mtihani wa siku iliyopita. Mhasibu mpelekee jedwali la mistari minne, kila chaguo na muda ambao wanafunzi 95 kati ya 100 watakuwa wamepata jibu, na bei yake pembeni. Hatokuuliza tena kwanini mbili na sio moja.

SWALI: Hujambo fundi, mimi ni programa wa SACCO fulani huku Mombasa. Tunahamia mfumo mpya na mwenzangu ameng'ang'ana ati tuunde modeli kwanza. Mimi naona ni kupoteza wakati, si tupige tu testi ya lodi tuone inaanguka wapi tumalize hii maneno?

JIBU: Sijambo ndugu. Testi ya lodi, yaani kuurushia mfumo maombi mengi ya bandia uone unastahimili kiasi gani, ni nzuri na mimi sikukatazi, ila ina mambo mawili. La kwanza, lazima mashine iwepo. Ukitaka kujua kama ununue ile kubwa ya laki kadhaa au mbili ndogo, utazipiga testi vipi na bado ziko dukani?

La pili ndo linalowaumiza wengi bila kujua. Programu nyingi za testi ukiziambia "watumiaji 200", kila mtumiaji wa bandia anatuma ombi, anasubiri jibu, alafu ndo anatuma lingine. Maana yake seva ikipunguza mwendo na testi nayo inapunguza mwendo, inaionea huruma! Haiwezi kuwa na maombi zaidi ya 200 ndani hata iweje. Wanachama wako mwisho wa mwezi mishahara ikiingia hawafanyi hivyo, wa saa tatu na dakika moja haangalii kama wa saa tatu kamili amejibiwa, anaingia tu. Kwaiyo testi inakupa ripoti nzuri nzuri, muda umepanda kidogo, hakuna kilichoanguka, alafu mnaenda laivu na ile siku ya mshahara mnakuwa kama Morogoro hapo juu. Angalia kwenye programu yako kama kuna namna ya kutuma kwa kasi maalum, maombi kadhaa kwa sekunde, jibu lije lisije. Kama ipo washa iyo.

Kwenye ugomvi wenu wote wawili mna haki. Piga testi ndogo upate namba za kweli, muda wa kuweka pesa, kutoa, kuangalia salio, kila moja peke yake. Namba hizo ndo chakula cha modeli. Modeli bila kupima ni ramli, na testi bila modeli inakujibu swali moja tu, la ile mashine uliyonayo leo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi. Lekchara anatufunza haya mambo ya foleni na simulesheni kama yalianguka kutoka mbinguni. Nani alianzisha?

JIBU: Hesabu za foleni zilianza kwenye simu kabla ya kompyuta kuzaliwa. A. K. Erlang, Mdenmark, alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, swali lake lilikuwa lilelile la Morogoro, laini ngapi zinatosha ili mteja asikute zote zimeshikwa na kampuni isinunue za ziada. Maandiko yake ya kwanza ni ya 1909, kanuni zake maarufu 1917, na mpaka leo kipimo cha msongamano wa simu kinaitwa erlang.

Kwa upande wa kompyuta mimi nampenda Allan Scherr wa MIT, chuo cha Marekani, na nitakwambia sababu. Miaka ya mwanzo ya 1960 pale MIT kulikuwa na mfumo unaoitwa CTSS, moja ya mifumo ya kwanza ya watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, ilikuwa IBM 7094. Scherr alitaka kujua watu wangapi wanaweza kukaa humo kabla hawajaanza kuchoka kusubiri, akajenga simulesheni ya mfumo, na simulesheni zenyewe zinakula muda wa kompyuta, wakati yeye alikuwa amepangiwa saa nne tu kwa wiki. Kwaiyo mwaka 1962 akaomba faili la maneno ya siri ya watu wote liprintiwe, likaprintiwa! Akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Huu unatajwa kama wizi wa kwanza wa neno la siri kwenye kompyuta na alikuja kukiri mwenyewe miaka mingi baadae. Usiige. Kilichonifurahisha zaidi ni matokeo, tasnifu yake ya 1965 ilionyesha kwamba mbali na ile simulesheni yenye mambo mengi, kuna modeli nyepesi ya hesabu, yenye mambo machache tu ndani, iliyokaribiana sana na vipimo halisi vya mfumo. Wanafunzi wa saivi wanaotia kila kitu kwenye modeli mpaka rangi ya kebo waisome.

Na kama unaandika Java jua kwamba mambo ya klasi na objekti yametoka hukohuko. Dahl na Nygaard wa Oslo walitengeneza lugha inaitwa Simula miaka ya 1960 kwa ajili ya simulesheni, na mwaka 2001 wakapewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nna biashara ya nguo na mapazia, nauza mtandaoni hapa Unguja. Kila nikitoa ofa ya Ramadhani mtandao unaganda. Kijana aliyenitengenezea ananambia tukihamia kwenye wingu seva zinajiongeza zenyewe, hapana haja ya kupanga kitu. Naomba unifahamishe, ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Nusu ni kweli. Wingu ni seva za kukodi kwenye mtandao. Seva za mbele, zile zinazoonyesha picha za mapazia, zinaweza kujiongeza. Lakini mpaka wingu ligundue kuna wingi, liwashe seva mpya, seva ijiandae, dakika kadhaa zimepita, na wewe ukituma ujumbe wa ofa baada ya tarawehe watu wanaingia ndani ya dakika moja.

Alafu nyuma ya hizo seva zote kuna databesi moja, na yenyewe haijiongezi kirahisi. Muulize kijana wako kama mnatumia PostgreSQL, moja ya programu za databesi. Ikiwa imewekwa vilevile ilivyotoka, inakubali miunganiko 100 tu kwa wakati mmoja (muunganiko ni njia moja ya seva kuongea na databesi), na mitatu kati ya hiyo imewekewa msimamizi, mmebaki na 97. Tuseme kila seva ya mbele inajichukulia 20. Seva nne zinachukua 80. Ya tano inawaka kwa mbwembwe inataka 20 inakuta 17, inaanza kutoa makosa. Ya sita haipati hata mmoja, kila mteja anaeangukia kwake anaona kosa. Umeongeza seva na duka limezidi kuharibika, na bili ya mwisho wa mwezi inakuja na seva zote sita! Kuutanua huo mlango wa 100 mpaka 500 bila kufikiri nako hakufai, kila muunganiko unakula memori.

Kwa duka lako sikushauri uanze na simulesheni kubwa. Mwambie kijana aweke kitu cha katikati kinachoshika miunganiko michache seva zote zigawane (wanaita connection pooler), picha zitoke mahali pengine pasipogusa databesi, na ile ofa usiwatumie wateja wote kwa pamoja, watumie kwa mafungu kila baada ya robo saa. Hilo la mafungu ni bure na huenda likatosha. Kama bado inaganda, mwambie achore vituo vyote kwenye karatasi aandike kila kimoja mwisho wake ni nini, karatasi iyo ndo modeli ya kwanza.

SWALI: Fundi nimejenga modeli ya kazi ya mwaka wa mwisho, nikiiendesha mara mbili napata majibu tofauti. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Mwanza)

JIBU: Hujakosea, ungepata majibu sawasawa bila kufunga mbegu ya namba za kubahatisha, yaani ile namba ya kuanzia inayozizalisha, ningeshangaa. Iendeshe mara 30 kwa mbegu tofauti alafu toa ripoti ya kuanzia namba gani mpaka namba gani, sio namba moja. Ukitaka kosa lipungue nusu lazima uendeshe mara nne zaidi, kwaiyo usitafute desimali ya tatu. Na tupa mwanzo wa kila mzunguko kama unapima siku ya kawaida, maana modeli inaanza ikiwa tupu wakati mfumo wa kweli hauko tupu. Ila kama unapima mfumo unaofunguliwa asubuhi kama wa Morogoro usitupe kitu, mwanzo ndo wenyewe.

SWALI: Laptop yangu ina memori ya GB 4, itaweza kuendesha simulesheni?

JIBU: Itaweza bila shida. Kwa wanaoandika programu weka Python (lugha ya programu) na SimPy (nyongeza yake ya simulesheni), ni bure. Kwa asiyetaka kuandika kuna JMT (Java Modelling Tools), imetengenezwa na Politecnico di Milano pamoja na Imperial College London, nayo bure, unachora vituo na foleni kwa mausi alafu unaendesha, inahitaji Java tu. Ukikwama kuinstoli niandikie na utaje toleo la Python au la Java ulilonalo, mana wengi wananiandikia "imegoma" alafu wananyamaza.